Vidole vya Koko na buji ya nne

Ilianza Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, gari ya Koko ilipokataa kuwaka. Koko ni baba ya mama yangu, fundi wa magari tangu ujana wake, sasa yuko pension. Nilikuwa nafagia uwanja. Gari ikakohoa, ikatikisika, ikanyamaza. Koko akashuka, akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

"Kesho tunaleta Tantine na mutoto," akasema. "Nilisha kumupa neno."

Tantine Fatuma, mdogo wa mama, alikuwa maternité, hospitali ya wazazi, ng'ambo ya daraja la Tshopo. Alimngoja mtoto huyo miaka mingi. Alikuwa ameapa kwamba hapandi pikipiki na mtoto mchanga. Atatoka siku gari ya baba yake itakapokuja.

"Zaina, kuya hapa. Leta kitambaa cheupe."

Mimi sipendi kuitwa. Hata darasani ninajua jibu na ninanyamaza. Lakini chini ya kapo, kile kifuniko cha mbele cha gari, hakuna anayenitazama, kwa hiyo nikaenda.

"Ni buji," Koko akasema. Buji ni kile kitu kidogo kinachopiga cheche ndani ya moteur, yaani injini, na kuwasha essence, petroli yake. Gari yake ina nne. "Gari inakuambia mbele ya kufa. Asubuhi inachelewa kuwaka. Kwa mupando inakosa nguvu. Essence inakwisha mbio. Mi nilisikia yote, nikajifanya kiziwi. Sasa, shika moteur. Iko namna gani?"

"Baridi, Koko."

"Bon. Ikiwa ya moto, hatugusi. Buji inashikana na meno, unavuta buji, meno inafuata."

Meno ni ile mistari inayozunguka ndani ya tundu, ndiyo inayoshika buji. Yakiharibika, ni kushusha culasse nzima, kile kichwa cha moteur, na hiyo si kazi ya siku moja. Nilipuliza vumbi kando ya kila buji kwa pampu ya baiskeli, lisianguke ndani. Tukatoa waya moja, buji moja, tusichanganye. Koko akazilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake.

Hapo ndipo alipoanza kuhadithia.

"Siku yangu ya kwanza, garage ya karibu na port, chef d'atelier hakunipa hata ufunguo wa kufungulia buji. Alinipa buji ya zamani. 'Soma.' Nikasema, chef, haina maandishi. Akacheka! 'Basi kaa na yeye mpaka atakusemesha.' Nilikaa na ile buji kama na muchumba."

Akanifundisha kusoma. Ya rangi ya biskuti, moteur ina afya. Nyeusi kavu kama masizi, essence ni nyingi au filtre ya hewa imeziba. Nyeupe, moteur inachemka mno. Yenye mafuta, huenda moteur imechoka. Za kwetu zilikuwa nyeusi, na ncha zake zimelika.

"Chef yule, ukimaliza, analeta chai yake, anaweka kikombe juu ya moteur inayozunguka. Chai ikimwangika, unarudilia. Hiyo njo mutihani yake."

Kisha kazi ikampeleka Yahuma, kwenye malori. Huko buji zote zilitoka na mafuta. "Chef de garage akasema tufungue moteur. Tukafungua, sisi wote na yeye, tukatafuta mpaka magaribi. Kumbe essence ilikuja ndani ya bidon iliyokuwa ya mafuta ya mawese! Chef akacheka mpaka akakaa chini. Ile siku tulikula wali bila mawese, hakuna aliyetaka kuisikia."

Mwisho, Bangboka, uwanja wa ndege, kwenye matrakta yanayovuta mizigo ya ndege. Chef de piste alikuwa akimpigia makofi: "Ramazani, avion haingojake buji!" Ni huko alikopata pension.

Huku akisema, alikuwa anafunga buji mpya, alizozitoa ndani ya sanduku lake la kazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa vidole tu. Vidole vinasikia meno, anasema. Ufunguo hausikii kitu. Mafundi wengine huvalisha buji kipande cha mpira wa kupitisha essence na kuizungusha nacho. Koko aliwacheka siku zote: "Mupira njo fimbo ya kipofu."

Buji ya nne iko nyuma, penye nafasi ndogo. Akazungusha, ikagoma. Niliona buji imelala upande. Yeye hakusikia. Akachukua ufunguo.

"Koko," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

Akauweka ufunguo juu ya buji.

Nikashika kifundo cha mkono wake. Sijawahi kumfanyia hivyo. "Koko, imelala. Hapana kaza."

Akanitazama. Nilitaka ardhi inimeze. Akaingiza kidole, akapapasa, akapapasa tena, kisha akakitoa na kukitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Sikuisikia," akasema polepole. "Zaina, sikuisikia hata kidogo."

Jirani alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo.

"Leta mupira," akasema.

Nikakata kipande, nikavalisha buji, nikaishusha. "Rudisha nyuma kwanza," Koko akaninong'oneza. Nikarudisha mpaka ikadondoka kidogo, tik, ikakaa sawa. Nikaenda mbele. Mpira ukazunguka laini mkononi mwangu. Kisha ufunguo: mpaka joint, ile pete ya chini ya buji, ikae, halafu kidogo tu.

"Nguvu si kazi," akasema, na hakuuchukua tena ufunguo wake. "Bangboka walinitoa na karatasi, nikaendelea. Leo njo nimetoka kazi kweli. Si mubaya. Mi nilifikiri itaniuma zaidi."

Nililia kidogo. Akajifanya anatafuta kitambaa.

Jumapili asubuhi gari iliwaka bila kukohoa. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda naye maternité. Tantine akatoka na mtoto, akasimama mlangoni mbele ya watu wote.

"Papa, gari yako itatufikisha kweli? Watu wanasema jana ilikufa."

Koko alinitazama mimi. Watu nao wakanitazama.

"Itafika, Tantine," nikasema.

"Mwee! Kumbe huyu anasemaka!" Tantine akacheka.

Nikaketi nyuma, nikapokea mtoto mapajani, amelala. Tukavuka daraja, tukafika kwenye ule mpando ambao gari ilizoea kurukaruka. Niliacha kupumua. Koko akakanyaga essence.

Gari ikapanda laini mpaka juu, na mtoto hakuamka.