Wacera wa Boti

Wacera wa Boti amezikwa kwenye makaburi ya umma pale Eldoret mjini, katikati ya watu asiowajua, na wa kulaumiwa ni mimi. Nasema mapema ili mtu asikae hapa akingoja nijitetee. Nitajitetea kidogo, maana mimi pia ni binadamu, lakini usiniamini sana.

Jina langu Mburu. Nina duka kwenye njia ya kwenda Soy, na zamani nilikuwa karani wa kijiji bila mtu kuniajiri. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu hali ya hatari ya wakati wa mkoloni ikafunga shule yetu kule Kiambu, basi elimu yangu ikaishia hapo. Lakini huku tulikohamia, darasa la nne lilikuwa jambo kubwa! Barua ikija, wanaileta kwa Mburu. Mtoto akitaka jina liandikwe kanisani, ni Mburu. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Shamba letu lilikuwa la mzungu mmoja anayeitwa Hallet. Alikuwa na ngano, mahindi, na bwawa refu alilochimbisha kwa ajili ya ng'ombe. Kwenye hilo bwawa alikuwa na boti ya tanga, ya kujifurahisha tu, haikuwahi kuvua hata samaki mmoja. Jumapili anaingia na mke wake, wanazunguka, wanarudi palepale walipotoka. Sisi tulikuwa tunasimama juu ya ukuta wa bwawa tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Mtunzaji wa hiyo boti alikuwa Wanyoike, fundi wa mbao, mume wa Wacera. Trekta ikamlalia mwaka wa sitini na mbili, akafa, na kazi ikabaki kwa mjane kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa amemwona akiifanya. Walipewa nyumba ndogo kando ya banda la boti. Mtoto hawakujaliwa. Nyumba hiyo na ng'ombe wawili ndiyo mali yote aliyokuwa nayo yule mama duniani.

Hallet alihama sitini na nne, akaenda Ostrelia. Aliuza farasi, akauza viti, akauza hata vikombe vya chai. Boti akakataa kuuza. Ati atakuwa anarudi kila Krismasi kuipanda! Hakurudi hata siku moja. Lakini aliikumbuka kuliko watu wengine wanavyokumbuka mama zao. Vanishi ya kupaka mbao ilikuwa inaletwa kila mwaka kutoka duka moja mjini alikoagizia, na barua ilikuwa inakuja kwa anwani ya duka langu, kwa jina la Wacera.

Barua iliyoleta haya yote ilikuja mwaka wa sitini na sita, wakati kampuni yetu ya watu wa Kiambu na Murang'a ilipokuwa inamalizia kununua shamba. Wacera aliileta haijafunguliwa, ameifunga kwenye leso. Duka lilikuwa limejaa. Kiarie, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amekaa juu ya gunia anakunywa soda.

"Karani, nisomee," Wacera akasema. Alikuwa ameniita Karani tangu siku ya kwanza, na nilipenda.

Nikafungua. Kurasa mbili, mwandiko wa kalamu umejikunja kama mizizi. Mistari ya kwanza niliielewa: boti ibaki ilipo, mbao zisikauke, vanishi kabla ya mvua. Nikasoma kwa sauti, watu wakatikisa vichwa. Nikageuza ukurasa. Wee! Ukurasa wa pili ulikuwa maneno marefu marefu, ya kisheria, sikuokota hata moja. Nikaona jina la wakili mmoja wa mjini, nikaona namba mbili, basi.

Mtu mwenye akili angesema, "Hapa sijui, tumtafute mwalimu." Lakini Kiarie alikuwa ananitazama. Watu kumi walikuwa wananitazama. Nikakohoa, nikasema, "Anasema hivi: maadamu boti yangu iko hapo, Wacera, hakuna mtu atakayekuondoa."

Nilijitungia. Niliona ni maneno mazuri, yanafanana na ya mzungu. Wacera alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akalia pale dukani mbele ya watu. Mimi nilimwongezea sukari kidogo kwenye karatasi, nikajiona mtu mwema kabisa.

Mwezi huohuo kamati ilikuwa inaandika wanachama wa mwisho. Wacera akaja asubuhi na mapema, kabla sijafungua dirisha.

"Karani, nikiuza wale ng'ombe wangu wawili, nitaandikwa nami nipate shamba?"

Angeandikwa. Wajane wengine waliandikwa kwa chini ya hapo. Nikamwambia, "Mama, uza ng'ombe wa nini? Wewe una barua. Barua ya mzungu ina nguvu kuliko hisa." Sasa ningesema nini? Niseme ile barua nilitunga? Nilishasema mbele ya mwenyekiti! Akarudi nyumbani na ng'ombe wake, na kitabu kikafungwa.

Tulipochagua namba za ploti kutoka kwenye kofia, mimi niliokota arobaini na moja. Savea, yule mpima ardhi, akatuonyesha mipaka. Arobaini na moja ilikuwa upande wa bwawa, udongo mweusi, mzuri kweli, na ndani yake kulikuwa na banda la boti na nyumba ya Wacera. Nilicheka kwa furaha. Kiarie akasema boti iachwe, kampuni haitaki kesi na mzungu, na huyo mama akae mpaka mwenyewe aje. Nikasema hakuna shida.

Sasa nikuambie alivyoitunza, maana hayo nimeyaona kwa macho yangu miaka saba. Boti ya mbao ikikauka inaachana, kila ubao unakwenda zake. Kwa hiyo kuanzia Januari mpaka mvua ianze, Wacera alikuwa anateka maji kwa debe, anamwaga ndani, asubuhi na jioni. Bwawa likishuka, anatembea kwenye matope mpaka magotini kuyafuata maji. Akiona ufa anaziba kwa pamba na lami, anasukuma kwa kisu cha marehemu. Tanga analianika juani, analikagua kama panya wamelitafuna, analikunja. Mgongo ulipinda. Mikono ilikuwa inanuka vanishi hata kanisani.

Watu walimcheka vibaya. "Wacera, umenyonyesha mtoto wa mzungu leo?" Mwaka wa sabini na moja kiangazi kilikuwa kikali, ng'ombe wake mmoja akafa, na bado debe lilikwenda kwenye boti. Mke wangu Nyakio akamwambia wazi ana wazimu.

Wacera akajibu, "Boti ikivunjika, mimi nitakaa wapi?"

Alisema hivyo mimi nikiwa nimesimama pale. Nikaenda kutazama ua wa shamba.

Barua ziliendelea kuja, fupi fupi, na majibu niliandika mimi kwa Kiingereza changu cha kupimia magunia: boti nzuri, Wacera mzima, mvua imenyesha. Miaka miwili mfululizo Hallet alitaja tena lile jina la wakili, na alama ya kuuliza mbele yake. Nikamwambia Wacera wakili anamsalimia. "Mwambie nami namsalimu," akasema. Nikaandika hivyo. Sijui huko Ostrelia walielewa nini.

Sabini na tatu, mwezi wa pili, ikaja barua rahisi, hata mimi niliielewa yote. Hallet amezeeka, hatasafiri tena. Boti amempa rafiki yake wa Kisumu, lori litakuja Jumanne. Nikamsomea Wacera. Alinunua sabuni ya kipande, akaenda kuiosha boti.

Lori lilikuwa la Hussein, Msomali wa mjini anayebeba mizigo mpaka Kisumu. Yeye na watu wake waliipandisha kwa kamba, na Hussein akapitisha mkono kwenye mbao akashangaa. "Mama, hii kitu ni mpya?" Wacera akamwambia ina miaka kumi na minane. Akalisindikiza lori kwa miguu mpaka barabara kubwa, akiwaambia wasiifunge kwa nguvu hapa, waweke gunia pale. Hussein alimpa mkono kwa heshima. Sisi majirani hatukuwahi.

Wiki haikuisha, Nyakio akaanza. Banda la nini sasa? Tunalima au tunafuga nyumba za watu? Na vijana wangu walitaka kupanda kabla ya mvua. Wacera akaja dukani, akasimama upande wa wateja.

"Karani, ile barua ilisema hakuna mtu ataniondoa."

Mungu anisamehe, nilimjibu hivi: "Ilisema maadamu boti iko hapo, Mama. Sasa boti iko Kisumu."

Neno langu mwenyewe, la kutunga, nikamfungia nalo mlango. Akasema, "Ni kweli. Ndivyo ilivyosema." Akaenda kufunga vitu vyake. Ng'ombe aliyebaki alimuuzia Kiarie, akahamia Huruma, mtaa wa maskini pale Eldoret, chumba kimoja na mtoto wa dada yake, Warigia, aliyekuwa akifua nguo za watu. Vijana wangu wakabomoa banda siku ileile.

Mwezi wa nne ikaja barua nyingine. Kwa wakati huo tulikuwa na mwalimu mpya shuleni, Jepchirchir, msichana mpole, amepanga nyuma ya duka langu. Miwani yangu ilikuwa imevunjika, nikamwomba anisomee. Akasoma kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kukwama. Hallet anamshukuru Wacera kwa miaka yote. Anamwambia mabati ya banda ni yake, ayatumie kwenye ekari zake mbili.

"Ekari gani?" nikauliza.

"Zake, Mzee. Anasema alimwandikia."

Barua zote nilikuwa nazo, kwenye mkebe wa biskuti, maana kwa Wacera kulikuwa kunavuja. Nikautoa. Jepchirchir akaitafuta ile ya sitini na sita, akageuza ukurasa wa pili, akasoma. Kwamba katika kuuza shamba, Hallet alitoa ekari mbili kuzunguka banda, ziwe za Wacera mke wa Wanyoike, zake kabisa, hata boti ikiondoka. Kwamba aende kwa wakili fulani mjini kabla ya mwaka kwisha, aweke kidole kwenye karatasi, kisha savea atazikata. Kwamba asiposikika, wakili atajua hazitaki, na zitarudi kwa kampuni. Yaani asingehitaji kuuza ng'ombe, wala kubeba debe hata moja!

Nilikaa chini. Nikamwomba asome tena.

Nilikwenda mjini kesho yake kumtafuta wakili. Alikuwa ameshahama nchi, na ofisi yake sasa inauza redio. Nikasimama nje nikisikiliza muziki wa bure. Nikajiambia, Mburu, wakili wa nini? Ardhi unayo wewe. Ekari mbili ziko ndani ya arobaini na moja, unaweza kumpa kesho asubuhi kwa mdomo tu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Nyakio. Alikuwa anapanda mahindi palepale nyumba ya Wacera ilipokuwa, mguu juu ya alama ya msingi. Akaniuliza kama nimerogwa. Akaniuliza vijana wawili watalima wapi. Hakupiga kelele, aliuliza tu, kisha akainama akaendelea kupanda.

Jepchirchir akaniuliza, "Mzee, utamwambia?" Nikasema nitamwambia. Na nilikuwa nimekata shauri, kweli tupu. Jumamosi nikachukua barua mbili, ile ya zamani na ile mpya, na kilo mbili za sukari, nikaenda Huruma.

Kilikuwa chumba cha ukuta wa udongo, majirani kushoto na kulia wakigonga mabati na kugombana. Wacera alikuwa amelala, kifua kinamsumbua. Alikuwa amekonda mpaka sikumjua mara moja. Warigia akanipa kigoda, akatoka kwenda kuteka maji.

"Karani umekuja," akasema. Alifurahi! Hicho ndicho kinachoniua mpaka leo, kwamba alifurahi. "Bwana ameandika?"

"Ameandika, Mama."

"Ameiona boti?"

"Amesikia imefika salama. Anakushukuru sana."

"Soma," akasema, akajaribu kukaa. Nikamwekea shuka mgongoni. "Soma polepole. Usiruke kitu."

Nikakunjua ile barua mpya. Nikasoma shukrani, neno kwa neno, kama Jepchirchir alivyonifundisha. Nikafika kwenye mabati. Nikafika kwenye ekari. Sasa nilikuwa nazijua zile herufi vizuri, kila moja, ningeweza kuzisoma nimefumba macho. Wacera alikuwa amenikazia macho, anangoja. Nikawaza vijana wangu. Nikamwona Nyakio ameinama kwenye ule udongo mweusi.

"Anasema Mungu akubariki," nikasema.

Akaitikia amina. Akaniuliza kama ndiyo yote.

"Ndiyo yote, Mama," nikamwambia, na nikaikunja.