Siku Mukwe Wangu Alipanda Kadutu Nyuma ya Gunia ya Makala

Mwaka gani, usiniulize namba. Ulikuwa mwaka wa sambaza. Unga wa bugali ulipotea ku soko, na ukionekana ulikuwa na bei ya harusi, lakini ziwa lilimwaga zile samaki ndogo mpaka paka wa avenye yetu, mutaa muzima, wakawa wanazinusa na kwenda zao. Tulizikula na viazi vitamu asubuhi, tukazikula na ndizi midi, na magaribi mutoto akiuliza leo tunakula nini, watu walimuangalia kama mugeni kutoka ng'ambo. Mutu yeyote wa Bukavu aliyekuwa na meno mwaka ule anajua ninasema wa gani.

Basi siku ya Mungu moja, kisha misa, mukwe wangu alikuja kunisalimia, yeye na binti yangu. Huyu mukwe ni muuza magodoro, ana duka ku soko ya Kadutu, na ni mutu mwema, sisemi kitu. Wajukuu alionipa ni wazuri kuliko wa avenye yote, na hiyo si majivuno, kila mutu anaona. Lakini ana jicho la kupima fasi. Akiingia kwa mutu, kabla ya kukaa amekwisha kuhesabu magodoro mangapi yanaweza kuingia mule.

Kwetu, mukwe na mama mukwe wanaheshimiana sana. Hagusi mwili wangu, simugusi wake, na hawezi kutafuna mbele ya macho yangu. Akija, yeye anakula ndani ya salo, mimi ninabaki ku jikoni, na kati yetu kunaning'inia rido, pazia tu. Tunaongea kupitia ile rido kama mukristu na padiri ku kitubio, ila mimi sipatie mutu musamaha.

"Mama," akasema na sauti ya asali, "ile moto, pikipiki ya marehemu muzee, tuipatie watu wa kununua vyuma. Fasi yake nitaweka magodoro kidogo."

"Duka lako la Kadutu limeanguka?"

"Limejaa, Mama. Na ile moto ilikufa. Tangu Pasaka haijakohoa hata mara moja."

Nikageuza sambaza ndani ya mafuta. Nikamujibu: "Hapana. Hii moto haitoki hapa na mutu mwengine. Na wewe mukwe wangu, kula sambaza, zinapoa."

Ile moto ilikuwa ya bwana yangu. Nyekundu, ya zamani, kiti chake nilikishona mimi mwenyewe na uzi wa nyavu. Tulikuwa tunaleta vitunguu kutoka Katana juu yake, na ikizima njiani, yeye alikuwa anafungua, mimi ninashika visi, zile skrubu, ndani ya kikwembe. Mutu akishika visi miaka mingi, anaishia kujua zinatoka wapi. Kisha macho yake yakachoka, mimi nikafungua, yeye akashika. Alipokufa, watoto waligawana nguo, redio, na kiti cha mikono. Mimi nilisema moto ni yangu, na hakuna aliyebisha, maana nani mwengine aliweza kuiwasha.

Mukwe wangu hakunyamaza. Binti yangu naye akamusaidia, "Mama, unang'ang'ania chuma," yeye ambaye uchungu wa kuzaa ulipomushika, alifika maternite juu ya chuma hiyo. Mwisho mukwe akasema hivi, na binti yangu ni shahidi: "Sawa. Kesho, kama inapanda kutoka hapa Ibanda mpaka mbele ya duka langu kule Kadutu, na watu wawili juu, sitasema tena neno. Lakini ikizima njiani, watu wa vyuma wanaibeba pale pale."

"Nimesikia," nikasema nyuma ya rido.

Asubuhi nilivaa pantalo, suruali ya marehemu, chini ya kikwembe, nikatoa karbiratere, nikaketi nayo ku kizingiti. Mutu asiyejua, nimuelezee: karbiratere ni jikoni ya moto. Esanse, ni kusema petroli, inaingia, hewa inaingia, vinachanganywa, injini inakula. Esanse ikizidi, inatapika moshi mweusi. Hewa ikizidi, inakuwa na hasira bila nguvu. Ni maji na unga tu, mwanamuke anaelewa mbio kuliko mwanaume. Chini yake kuna kabakuli kanakoweka akiba ya esanse. Nilipokafungua, nilikuta uji wa kijani, esanse ya kulala tangu Pasaka, na harufu yake kama dawa ya kuua kunguni.

Kila kitu nilikipanga juu ya lungo, ile ya kuchagulia maharagi, kwa namna kilivyotoka, cha kwanza kushoto. Jikleri, kale kadude ka shaba kenye katundu ambako esanse inapita, kalikuwa kameziba kabisa. Vijana wa siku hizi wanasukuma humo waya ya chuma. Tundu linapanuka, na tangu siku ile moto inakunywa kama shemeji ku matanga. Mimi nilingoa unywele ku brosi ya viatu, nikaupitisha taratibu, nikaosha na esanse safi, nikapuliza kwa kinywa mpaka nikaona jua ku upande mwengine.

"Mama, unakunywa esanse?" binti yangu akauliza.

"Inashinda chai yako."

Nilipoirudisha na kupiga kiki, ilikohoa, ikanifukuzia kuku, ikashika. Ile visi ya hewa unaifunga polepole mpaka iguse chini, bila kulazimisha, kisha unairudisha kidogo kidogo na masikio wazi. Kwanza inatetemeka kama mwenye malaria, kisha inapata mwendo: tuk, tuk, tuk, kama mutu anayesonga bugali bila haraka. Pale unaacha mukono. Nikaizungusha avenye, nikatoa bujii, ile inayopiga cheche: kahawia kama mukate wa kuiva, rangi ya injini yenye afya. Kitu kimoja tu sikutengeneza, ni robine ya tanki, ile inayofungua na kufunga esanse. Inatoa jasho kidogo, na anayeigusa ananukia esanse mpaka siku ya pili. Nikasema, siku ingine.

Midi mukwe wangu alifika na shemishi nyeupe, shati ya pasi. Alipoisikia inaunguruma, uso wake ukawa kama wa mutu aliyepimiwa godoro fupi. Nikazima, nikaenda kutafuta kitambaa cha kichwa. Niliporudi, nilimukuta amechuchumaa kando ya moto.

"Ninaangalia tu, Mama."

"Angalia. Macho hayalipishwe."

Akasimama, akapata tena furaha. "Na mutu wa pili ni nani?" Alijua binti yangu ana mimba, hapande.

"Watu wawili ulisema wewe. Wa pili ni wewe."

Akarudi nyuma. "Mama. Nitakaa nyuma yako namna gani? Nitakugusa."

Hapo njo nilielewa alikuwa ametegemea heshima yangu kuliko ubovu wa moto. Lakini jirani yangu, muuza makala ya kupikia, alikuwa amesimama ku mulango wake na mikono ku kiuno. Akasema, "Mukiweka gunia yangu katikati, nani atamugusa nani? Tena mutanifikishia ku soko." Ndiyo maana ninamupenda yule mwanamuke. Tukaweka gunia ya makala katikati, nusu gunia, nikaifunga na mupira. Mukwe wangu akapanda nyuma, akaikumbatia gunia kama bibi harusi, na shemishi yake nyeupe.

Tukaondoka. Ku tambarare moto ilienda kama barua ku posta. Tukaanza kupanda, tukapita vijana wa moto taksi wenye moto mupya, wakapiga klaksoni, nami nikapiga yangu. Tulipofika fasi ile mulima unasimama kabisa, mashimo kushoto, wamama wa mapapayi kuume, sauti ikabadilika. Ikapanda juu, ikawa nyembamba, kama ya mutoto anayenyonya titi iliyokauka. Nyuma ya gunia nikasikia mukwe wangu anasema polepole, na huruma ya uongo, "Pole, Mama."

Sauti ile ninaijua. Si ya jikleri kuziba. Ni ya kabakuli kanapomaliza akiba na hakuna kinachoshuka kutoka tanki. Nikateremusha mukono wa kushoto bila kusimama. Robine imefungwa, na mimi niliiacha wazi. Nikaifungua. Injini ikameza, ikatikisika, gurudumu likasita, tukarudi nyuma labda upana wa kiganja, na moyo wangu ukarudi pamoja nalo. Kisha ikashika, ikapanda. Nilipunguza tu mwendo ndani ya soko, nikapita karibu na kila meza, nikipiga klaksoni, ili asikose mutu wa kumuona.

Mbele ya duka nilisimama. Akashuka mweusi kutoka kidevu mpaka mukanda, meno tu njo yalibaki. Wauzaji wenzake wakatoka.

"Patro, bosi wetu, magodoro yamekwisha, umeingia ku makala?"

"Wacheni muzee, anasaidia mama mukwe."

Nikamuambia, mbele yao, na upole, "Mukwe wangu, nusa vidole vyako."

"Ni makala, Mama."

"Chini ya makala."

Akanusa. Akaangalia robine, akaangalia mawingu. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamushinda, akaketi juu ya godoro lake jipya na ile makala yote. Nilimupenda zaidi siku ile, lakini sikumuambia.

Siku ya Mungu iliyofuata akaja tena. Rido katikati, sambaza mbele yake. Nilimusikia anatafuna, anasimama, anatafuna.

"Mama."

"Ndiyo, Papa," nikamuitikia mukwe wangu.

"Watu wa Ibanda wananunua magodoro, lakini kuyateremusha kutoka Kadutu ni shida. Na ile moto yako, kweli, iko na nguvu. Uniachie hata asubuhi tu. Nitaichunga kama yai."

Nikageuza sambaza ndani ya mafuta.

"Hapana. Hii moto haitoki hapa na mutu mwengine. Na wewe mukwe wangu, kula sambaza, zinapoa."