Mfuniko Haukufunguliwa na Mke Wangu

Asubuhi ile aliniamsha kwa kunivuta shuka, kama kawaida yake. Akasema nimekoroma usiku kucha kama lori bovu linalopanda mlima. Nikamjibu kwamba aliyesikia mkoromo hakulala, basi ajilaumu mwenyewe. Akacheka. Akakitafuta kiatu chake kimoja chini ya kitanda kwa mguu, maana kuinama kulishaanza kumsumbua kiuno. Tukafunga mlango, tukaenda kazini. Hakuna jingine. Laiti ningejua, ningetafuta neno zuri zaidi.

Tulifanya kazi uwanja mmoja, ule wa mafundi magari. Mimi nashona viatu ukutani, karibu na lango. Yeye alikuwa fundi wa rejeta, lile tangi la maji ya kupooza injini. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akilehemu ndoo na taa za bati. Nilipomuoa alikuja na sanduku la nguo na chuma cha kulehemia, na nadhani chuma alikipenda kunishinda mimi.

Gari likiletwa linachemsha, mafundi wengine hukimbilia rejeta. Yeye kwanza aliomba mfuniko wake. Aliubonyeza kwa kidole gumba, akaipima springi, akautazama mpira wa chini yake kama umechanika. Wakamwita Mama Mfuniko. Wakamtania kwamba ukimpelekea mtu mwenye jipu mguuni, atamvua kofia kwanza. Hakujali. Alisema wengi wanadhani mfuniko ule ni wa kuzuia vumbi, kumbe kazi yake ni kubana. Maji yakibanwa huvumilia moto mwingi bila kuchemka. Springi ikilegea yanachemka mapema, yanamwagika, na mwenye gari anauziwa rejeta mpya bure. Na mfuniko mgumu kupita kiasi, wa kuokoteza kwenye lori, nao hupasua mipira ya kupitishia maji. Mimi sikusoma, lakini hayo niliyasikia miaka yote nikishona viatu, hadi nikaweza kuyasema usingizini.

Mdogo wangu naye aliyasikia. Amekula kwetu tangu hajaota ndevu.

Mchana wa siku hiyo mafundi walikuwa wamekwenda kula. Tulibaki mimi na mke wangu. Mdogo wangu akaingia na pikapu ya tajiri wake, imejaa nyanya, mvuke unafuka chini ya boneti. Akaruka chini, akafunua boneti, akavua shati akalizungushia mkono. Mke wangu akamwahi, akamwambia azime injini na asubiri. Injini akaizima, ila kusubiri hakutaka. Akalalama kwamba nyanya zinatoa maji, kwamba tajiri atamfukuza, kwamba wanawake wana maneno mengi. Mke wangu akasema naye kwa upole, mimi nikisikia. Mdogo wangu akauzungusha mfuniko.

Mke wangu alimsukuma kwa bega. Mfuniko uliruka, maji yakampata yeye, usoni na kifuani. Mdogo wangu alipata alama kwenye kiganja, ndogo kama kifungo cha shati.

Hospitali mke wangu hakukaa sana. Ya huko sitayasimulia.

Kaburi halijakauka, nikasikia maneno yanazunguka. Kwamba Mama Mfuniko alikuwa amezeeka, akili imeanza kupotea. Kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwambia shemeji yake afungue. Nilijua yametoka wapi, maana tulikuwa watatu pale, na mmoja tumemzika. Fundi mmoja, ambaye mke wangu alimfundisha kushika chuma cha kulehemia, akasema wanawake na injini wapi na wapi. Kazi ya maisha yake yote ikafutwa kwa neno moja la mtu mwoga.

Dada yetu mkubwa akaniita chumbani. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, ameinama. Dada akanibembeleza. Alisema marehemu hasikii tena, na huyu yu hai, ana watoto, tajiri akijua ni yeye atamtimua. Akasema damu ni nzito kuliko maji.

"Dada," nikamwambia, "maji hayo niliyaona yakimbabua mtu. Usinifundishe uzito wake."

Mdogo wangu akainua uso. "Kaka, nisitiri."

Nikamuuliza, na mke wangu je, atasitiriwa na nani? Akainama tena, akakikuna kiganja chake.

Nikaenda nje walipokaa mafundi waliokuja msibani. Dada akanishika shati mlangoni, likachanika. Tangu hapo hajanisemesha, na asinisemeshe. Mdogo wangu alinyang'anywa ile pikapu na tajiri wake, nami sikumpa pole. Watu wananiambia nisamehe, nimebakiwa na siku chache. Siku hizo chache ni zangu.

Nilisimama mbele ya mafundi. Sina ufundi wa kuhutubia. Niliwaambia aliyefungua ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Na kabla hajauzungusha mfuniko, mke wangu alimwambia hivi, neno kwa neno:

"Shemeji, toa mkono hapo. Hayo maji yametulia kwa kuwa yamebanwa. Ukiyafungulia ndipo yatachemka, tena usoni kwako. Acha nyanya zioze. Nyanya hupandwa tena, uso haupandwi."