Pembe Nne za Shuka

Kukunja shuka la hospitali si kazi ya mtu mmoja, asikudanganye mtu. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, mnalivuta mpaka linyooke, kisha mnatembea kukutana katikati, pembe kwa pembe. Kwa miaka kumi na mmoja dobi wetu alikutana hivyo na Bibi Pembe, mara mia mbili kwa siku.

Bibi Pembe aliitwa hivyo kwa sababu pembe zikipishana hata kwa upana wa kidole, shuka lilikunjuliwa, likakunjwa upya. Na alikuwa na lake. Kila walipokutana katikati alinong'ona, "Atakayelala hapa aamke mzima." Kisha, kwa kuwa mwenzake hakuwa wa kuitikia, alijiitikia mwenyewe: "Amina."

Mwenzake hakuitikia kwa sababu hakuamini. Hakuanza jana, tangu usichana wake alisema mbinguni hakuna mtu, akaishi hivyo bila kumwibia wala kumsengenya yeyote, jambo lililowashinda waumini wengi tu pale kazini. Walimwita Mpagani, naye aliitika "Abee!" kwa madaha. Wakimchokoza kwamba mbona hamwambii huyo bibi anapoteza pumzi zake bure, aliwajibu, "Maneno yake hayaniumi, wala hayachafui shuka. Nimwambie ili nipate nini?"

Basi mwaka huo wa kumi na mmoja, bintiye Mpagani, wa miaka sita, akalazwa wodi ya watoto, ghorofa ya pili, juu ya vichwa vyao. Siku ya nne hakuamka.

Mpagani alirudi kazini baada ya wiki mbili. Hakulia. Alikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa, ila hii ilikuwa ya mwili mzima. Alikula bila kujua amekula nini. Mumewe akimsemesha, alisikia sauti tu, maneno hayakufika. Wenzake wakamwambia ni mpango wa Mungu; akasema ahsanteni, akavaa aproni yake.

Shuka la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa na mstari wa buluu, yaani la wodi ya watoto. Wakakutana katikati.

"Atakayelala hapa aamke mzima," akanong'ona Bibi Pembe.

"Wangu alilala kwenye shuka lako," akasema Mpagani. Hakupaza sauti, uso haukubadilika. Ungedhani anaomba sabuni. "Uliliombea mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika upande wa pili. Bibi, hakuna anayekusikia. Unaongea na mashine za kufulia."

Loo! Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bibi Pembe alililainisha lile shuka, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine. Walipokutana tena hakusema kitu.

Siku hiyo ikapita, na kesho yake, na wiki nzima. Mpagani alingoja aione raha ya kusema kweli, maana kweli aliisema, hilo halikani mpaka leo. Raha haikuja, majuto nayo hayakuja. Kilichokuja ni mashuka kuharibika. Kumbe yale maneno ndiyo yaliyokuwa yakiwapimia hatua! Sasa mmoja aliwahi, mwingine akachelewa, pembe zikapishana, na Bibi Pembe, yeye wa upana wa kidole, akaziacha hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomtisha Mpagani.

Siku ya nane msimamizi akaja na furushi zima lililorudishwa kutoka wodini. "Nyie, mnakunja au mnapigana? Bibi, kama umechoka, sema, tukutafutie wa kushika nafasi yako."

"Tafuteni," akasema Bibi Pembe.

Msimamizi alipotoka, Mpagani akamgeukia. "Bibi, hebu sema maneno yako."

"Si umesema hakuna anayesikia?"

"Hakuna. Lakini mimi nilikuwa nayasikia."

Bibi Pembe akalisogeza kando lile furushi. "Nikianza tu, namwona mwanao. Najiuliza siku ile niliomba vibaya wapi. Siyawezi tena, mwanangu. Yamekwisha."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mpagani alitaka kulia, chozi halikupatikana. Akachukua shuka kwenye rundo, lenye mstari wa buluu, akamtupia mwenzake pembe mbili. Wakalivuta. Wakatembea.

"Atakayelala hapa aamke mzima," akasema Mpagani, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma maelezo ya pakiti ya sabuni. Hakuamini hata neno moja. Akasimama, akangoja aitikiwe.

Bibi Pembe hakuitikia. Alikuwa anatazama vidole vyao vilipokutana.

"Zimepishana," akasema. "Rudi nyuma, tuanze tena."