Goti la Ozella na Mdhamini Asiyeruhusiwa Kufa

Ozella Pettway wa Toledo, jimbo la Ohio, aliimba kwaya tangu ujana wake mpaka goti la kulia lilipomgeuka. Kwaya ya kanisa lao hukaa juu, na ngazi za kupandia ni nyembamba, za kupandwa na mbuzi. Basi mwaka mzima Ozella akawa anaimbia chini, benchi la wagonjwa na wageni, ubavuni mwa mzee anayekoroma kabla mchungaji hajafungua kitabu. Mwanamke aliyepiga vyuma kiwanda cha magari akazika waume wawili, leo kuwekwa na wakoromaji! Lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Daktari akamwambia goti linabadilishika. Ozella akajibu, "Libadilishe. Pasaka nataka niwe juu."

Aliyekataa ni mjukuu wake Quentin, ambaye ni wakili. Tuseme wakili, maana aliapishwa, picha ikapigwa, na Ozella akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Ila tangu kiapo hicho hajasimama mbele ya hakimu hata kwa kosa la kuegesha gari pabaya. Kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha chini ya ardhi katika ofisi ya mawakili wakubwa, kusoma karatasi za kesi za wengine na kulipwa kwa saa, kama mfyeka nyasi. Chuo chake kiliandika kwamba karibu wahitimu wote wamepata kazi, na Quentin, kabla hajapata chumba hicho, alihesabiwa humo wakati akigawa taulo kwenye jumba la mazoezi la chuo hichohicho.

Kijana huyu alimtunza bibi yake mpaka watu wakamwonea wivu. Kila asubuhi alipiga simu kuuliza amelalaje. Alimletea mashine ya kupimia shinikizo la damu, akaondoa siagi na chumvi mezani akazificha ndani ya jokofu, akamwondolea nyama ya nguruwe ya kukaanga na kumwekea uji wa oti zisizo na sukari. Ozella alilalamika nyumbani akajigamba kanisani. "Wajukuu wenu wanawapigia Krismasi. Wangu ananipima damu."

Lakini lilipotajwa goti, Quentin aligeuka mwingine. Mara daktari ni mdogo mno. Mara hospitali ile ina vijidudu. Mara dawa ya usingizi kwa mtu wa umri wake ni kamari. Tarehe ya kwanza ya upasuaji aliiahirisha yeye mwenyewe kwa simu, akajifanya anamwonea huruma.

Jumapili moja wakawa mezani, Ozella, Quentin na Dada Vernice wa kwaya, mwanamke mwenye ulimi wa wembe.

"Nimepewa tarehe nyingine," akasema Ozella. "Na safari hii namba ya simu waliyonayo ni yangu."

Quentin akaweka uma chini. "Bibi, tungoje kiangazi."

"Kiangazi kilichopita ulisema tungoje baridi."

"Kuna fimbo nzuri siku hizi, Bibi. Nyepesi kabisa."

"Itembelee wewe," akasema Vernice. "Hebu mwanangu, unaogopa nini? Goti si lako. Bima inalipa. Au kuna nyumba unamrithi?"

"Nyumba hii?" akasema Ozella. "Paa lenyewe linavuja."

Vernice hakucheka. Alimtazama kijana kama anavyotazamwa mwizi wa sadaka. Quentin akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu, kisha akasema, "Bibi ndiye mdhamini wa mkopo wangu wa chuo."

"Hilo najua," akasema Ozella. "Nilisaini mwenyewe."

"Mdhamini akifa, deni lote linadaiwa mara moja. Lote, Bibi. Hata kama sijachelewa siku moja."

Vernice akaacha kutafuna.

Na hapo ndipo yalipotoka yote, maana wakili akianza kusema hana breki. Mkopo aliusaini bila kuusoma. Alikuwa anakimbilia chuoni kusomea mikataba. Siku moja mwalimu wa mikataba akawaambia kila mtu alete mkataba wowote aliousaini maishani, ausome mbele ya wenzake. Quentin, kwa kuwa hakuwa na mwingine, akaleta huo. Akausoma kwa sauti ya kuhubiri mpaka akafika kifungu cha mdhamini kufa, sauti ikakatika, akakaa. Darasa likadhani ametua kwa madoido. Alipata alama ya juu kabisa siku hiyo.

Ozella alisikiliza mpaka mwisho. Kukopa harusi, kulipa matanga, nalo deni hili lilikuwa linamvizia yeye afe.

"Kwa hiyo zile oti," akasema polepole.

"Bibi, oti ni nzuri kwa moyo."

"Moyo wa nani?"

Quentin akaushika tena ule uma, akaurudisha chini.

"Nimekutangaza kanisa zima," akasema Ozella. "Nimewasema vibaya wajukuu wa watu. Kumbe mimi ni gari la rehani, unakagua mafuta na maji." Akajikongoja mpaka kwenye jokofu, akatoa siagi na chumvi, akavirudisha mahali pake juu ya meza. "Alhamisi nachanwa goti. Ukitaka uje, hutaki, kaa na mkopo wako."

Alikuja, tena amevaa suti ya kuapishwa. Muuguzi alipomuuliza kama ana wasiwasi, alijibu kwamba anao, na ulikuwa ukweli mtupu. Ozella akasukumwa ndani bila kumwangalia.

Sasa, lipo jambo moja Quentin alilokuwa amelificha. Ile kesi ambayo karatasi zake alikuwa akizisoma chumba cha chini ilikwisha Desemba kwa mapatano. Wakubwa wakapeana mikono, nao wasomaji wa karatasi wakapewa kila mmoja sanduku la kubebea vitu vyake kwenda nyumbani. Tangu hapo hakulipa mkopo hata mwezi mmoja. Akili yote ilikuwa kwenye shinikizo la damu la bibi yake, akalisahau deni lenyewe kama mtu anayelinda mlango wakati ukuta wa nyuma umeanguka. Bibi akiwa bado chini ya kisu, kampuni ya mkopo ikapiga simu. Ameshindwa kulipa, wakasema, kwa hiyo deni lote limeiva leo.

Ozella alipozinduka, goti limefungwa mithili ya mtoto mchanga, Quentin alikuwa kitini, macho mekundu, tai imelegea.

"Niko hai?"

"Uko hai, Bibi."

"Basi mkopo wako nao umepona."

Quentin akamweleza habari ya simu, bila kuipaka sukari. Ozella akasikiliza mashine zinavyolia.

"Kwa hiyo leo hata nikifa, hakiongezeki kitu wala hakipungui."

"Hakuna, Bibi."

"Na mimi mdhamini watanidai?"

"Watakudai wewe na mimi."

"Basi hongera, wakili, umepata mteja wako wa kwanza." Akafumba macho, Quentin akadhani amelala, kumbe bado. "Nilipokuwa ndani, uliniombea?"

"Niliomba."

"Kabla ya simu au baada?"

Quentin alifikiri. Ozella akapenda kwamba alifikiri.

"Kabla, sana. Baada pia. Baada nilipiga magoti pale kwenye korido, mfagiaji akanizunguka na ufagio wake."

"Ya kabla wapelekee wenye mkopo," akasema Ozella. "Hiyo ya kwenye korido naipokea. Sasa niitie muuguzi, mguu unawaka."