Aliyekuwa Anatuitia Njia

Siku ya kwanza ya kazi hawakuniuliza jina. Walinipima bega. Kapita Rajabu, musimamizi wa wabebaji, alikuwa na fimbo yenye alama moja ya kisu, akaisimamisha kando yangu mbele ya ofisi ya serikali ya Kasongo, akainama kuangalia. Bega langu lilikuwa chini ya alama kwa vidole viwili.

"Mufupi," akasema kalani aliyekuwa anaandika majina. "Umurudishe kwao."

"Atavaa ngata mbili," kapita akajibu. "Mutu anayecheka wakati anapimwa, nitamupata wapi mwingine?"

Kweli nilikuwa nacheka. Tangu utoto niliota kubeba kipoyi, kama ninyi wa leo munavyoota kushika usukani wa kamyo. Wengi wenu hamukukiona, basi nieleze. Kipoyi ni kiti kilichofungwa katikati ya miti miwili mirefu. Watu wanne wanakibeba mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine wanne wanatembea kando wakingoja zamu. Ngata ni kitambaa cha kuviringisha, kinakaa kati ya muti na nyama ya bega. Mabega yasipolingana kiti kinalala upande, na mukubwa aliyekaa juu anaanza matusi. Wa nyuma haoni kitu ila mugongo wa kiti. Kwa hiyo wa mbele kuume ndiye anayeita njia: "Jiwe." "Shimo." "Maji ya magoti." Anaita mutu mumoja tu. Wakiita wawili, miguu inagawanyika.

Kapita Rajabu ndiye alikuwa anaita. Kushoto kwake Mulamba, mutu wa Kabambare, munene wa kifua. Nyuma tulikuwa mimi na Amisi wa Kasongo. Sokoni walisema Rajabu anaona njia kabla haijafika, bega la Mulamba halijui uchungu, Amisi anatembea juu ya utelezi kama yuko barazani kwake, na mimi nabeba kwa kucheka. Walituita majini wa Rajabu. Walisema tunatoka Kasongo mpaka Kabambare na chai ya Bwana Administrateri, muzungu mutawala wetu, haimwagiki kikombeni. Hiyo ya chai ni uongo, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kuisadiki.

Halafu Rajabu akashikwa na homa, na siku ya sita tukamuzika. Tulimubeba sisi watatu na ndugu yake, na hakuna aliyeita njia.

Bwana Administrateri hakungoja. Wiki ileile alitaka kwenda Kabambare. Mutu wa zamu akaingia mahali pa Rajabu, mabega yakalingana, tukaondoka. Tatizo lilikuwa kinywa. Maneno yale yalikuwa ya Rajabu. Kuyasema ilikuwa kama kuvaa nguo za marehemu naye bado hajafanyiwa arobaini. Tulitembea kimya siku tatu, polepole. Baada ya kupita kijiji cha Wamaza, Mulamba akaliona shimo, akanyamaza. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anangoja sauti. Bwana Administrateri akaanguka kwenye matope na kofia yake.

"Mimi hapana mufuko ya muchele!" akasema. Viboko tulivipata, na hapo sitaongeza neno. Kisha akasimamisha kamyo ya pamba iliyokuwa inapita, akapanda. "Ninyi leta kipoyi kwa Kabambare. Halafu kazi yenu kwisha. Mumoja barabara, mumoja pamba, mumoja kwao."

Mumoja kwao nilikuwa mimi, yule mufupi. Na kweli, kilichoniuma hakikuwa viboko. Nani angenichukua tena na ngata zangu mbili?

Mvua ikanyesha jioni ile na kuvunja daraja nyuma ya kamyo. Asubuhi anfirmye, muuguzi wa kijiji tulicholala, akatujia mbio. Kulikuwa na mama mumoja, Mama Sifa, mwenye uchungu tangu jana. Mutoto alikuwa amekingama tumboni. Dokta yuko Kabambare, na kamyo haziwezi kuvuka tena.

"Tumemuangusha bwana jana," Amisi akamuambia. "Tafuta watu wengine."

"Watu wengine wako wapi?" anfirmye akauliza.

Tukamukalisha kwenye kipoyi juu ya blanketi, tukamufunga kwa kitambaa asiteleze. Mama mukwe wake akafuata kwa miguu na maji. Hatukufika mbali. Amisi akajikwaa, kiti kikayumba, mama akashika miti.

"Lile jiwe hamukuliona?" akauliza. "Mimi nimeliona toka kule."

"Mama, aliyekuwa anatuitia njia alikufa," Mulamba akasema.

"Pole kwake. Lakini mimi sijafa. Kuna jiwe lingine, kushoto."

Hapo nilielewa kitu ambacho miaka yote sikukiwaza. Anayekaa juu ya kipoyi ndiye anayeona njia kuliko wote. Wakubwa wetu waliiona siku zote, ila hawakusema.

Mama Sifa akaita. "Shimo. Muzizi. Weye wa nyuma unayecheka, inua muguu." Uchungu ukija alisema "Ngojeni," nasi tulisimama wima, miti mabegani, mpaka upite. Tulipofika muto uliochukua daraja, uchungu ulikuja na haukupita. Akafunga macho. Maji yalikuwa ya kahawia, chini huoni kitu.

"Mama, tuambie," nikasema. Akashika miti kwa nguvu.

Kisha Mulamba akaita, kwa sauti nzito: "Maji ya magoti." Akaingia. "Maji ya kiuno. Jiwe, kuume." Amisi akajibu nyuma, "Nimelipata." Nilikuwa nalia na nilikuwa nacheka, na ngata zangu zimelowa.

Mutoto alitolewa alasiri huko Kabambare, musichana, mama akabaki muzima. Dokta alitoka akifuta mikono, akatukuta tumelala chini ya dirisha. Barua ya Bwana Administrateri ya kutufukuza kazi ilikuwa imefika kabla yetu. Dokta akaisoma, akaikunja.

"Kipoyi hiyo inabaki hapa kwangu," akasema. "Na watu wake."

Ndivyo majini wa Rajabu walivyokuwa wabebaji wa nyumba ya wagonjwa. Tuliweka kawaida: mugonjwa mwenye nguvu ya kusema, yeye anaita njia. Asiyeweza, sisi tunaita kwa zamu. Nilifanya kazi hiyo mpaka gari la wagonjwa lilipokuja na bega langu likakataa.

Siku hizi mwanangu ananipeleka sokoni kwa kinga, baiskeli yake nyekundu, nimekaa nyuma. Naita jiwe, naita muchanga. "Baba, macho ninayo," ananiambia. Anayo, ndiyo, sikatai. Kisha naita shimo linalofuata.