Mwanamke Mwenye Kumjibu Kasimu

"Makelele? Mimi niko makelele? Ruphin, mutoto wangu, angalia hii kinywa vizuri. Miaka makumi ine inatoa majibu. Makelele haijatoa hata siku moja!"

"Koko, sikusema wewe uko makelele," Ruphin, mwanafunzi wa kurekodi sauti, akajitetea. "Nilisema, katika ile sauti tuliyochukua kijijini kwenu Wamaza, mzee alikuwa anasimulia hadithi, na kando yake kulikuwa mutu anamukatakata maneno. Basi nikasafisha."

"Ukanisafisha."

"Nikatoa sauti yako, nikaacha ya mzee peke yake. Ndivyo tunavyofundishwa."

Koko Djamila, bibi kizee, akakaza kitenge kiunoni, akajisogeza nyuma kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha mtangazaji, mbele ya mikro, katika studio ya redio ya chuo kikuu, Kasongo. Alikikalia tangu saa sita, na sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Saa kumi kamili, kama kila Jumamosi, redio ingetoa emisyo yake, kipindi cha mapokeo ya wazee, na leo ilikuwa zamu ya sehemu ya pili ya hadithi ya mume wake. Koko alikuwa amesema wazi: kama majibu yake hayarudi katika hadithi, wabebe kiti pamoja naye.

Hakuja kutoka karibu. Siku mbili nyuma ya pikipiki ya jirani yake Amuri, kupitia mashimo ambamo tembo angeoga bila masikio kuonekana. Alitoka Wamaza na kitenge cha bluu, akafika Kasongo na kitenge chekundu, na fundi wa rangi alikuwa vumbi.

"Mama Djamila," akasema Cécilia, mwalimu wa chuo na mkubwa wa redio, aliyekuwa amesimama mlangoni na saa mkononi, "sauti yako ina kazi gani katika hadithi? Mwenye hadithi si baba?"

Hapo Koko akacheka, akapiga paja.

Kasimu, mume wake, mwenye hadithi! Katika ujana wake Kasimu alisimulia hadithi baridi hivi kwamba mbu waliokuja kumnyonya walisinzia, wakaanguka chini na tumbo tupu. Siku moja wasichana walikuwa wanabangua karanga kwa mjomba wa Djamila, naye Kasimu akaanza: chui alikuja kuomba kazi ya kuchunga mbuzi. Akanyamaza. Hajui aende wapi. Djamila, bila kuinua macho kwenye karanga zake, akauliza: "Alivaa viatu?"

"Hapana, hakuwa na viatu!"

"Na nani atamupa kazi mutu bila viatu?"

Ikabidi Kasimu amtafutie chui viatu, tena vinne. Kuvipata, ikabidi amwingize fundi. Fundi akaomba ngozi. Ngozi ikawa ya shemeji yake chui. Hadithi ikaenda mpaka karanga zikaisha, za majirani zikaisha, na mtu mmoja akaanza kubangua mbegu za mahindi. Karanga za mwaka uliofuata ziliwakuta wamekwisha kuoana.

Tangu siku ile, kwenye arusi na kwenye matanga, Kasimu anasimulia na Djamila anajibu. Akisinzia, anamwamsha kwa swali. Akidanganya kidogo, anamwambia adanganye vizuri. Watu wakirudi nyumbani wanasema, "Tulimsikia Kasimu." Djamila hajali. Yeye anajua mzigo ulibebwa na mabega ya nani.

"Sasa sikia mulichotufanyia," akamwambia Cécilia.

Jumamosi iliyopita Wamaza yote ilikaa mbele ya duka la Ayoubu, penye redio kubwa. Kasimu alioga, akavaa kanzu ya Idi. Redio ikasema kwa sauti yake: chui alikuja kuomba kazi ya kuchunga mbuzi. Kimya. "Hapana, hakuwa na viatu!" Kimya. "Mbuzi gani? Si yule kilema!" Kimya tena. Watu wakaanza kutazamana. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Kabambare: kichwa cha Kasimu kimeharibika, anagombana na upepo. Kesho yake wanawake watatu wakamletea majani ya kuoshea wazimu.

"Na yeye?" akauliza Ruphin kwa sauti ndogo.

"Yeye? Wajukuu wakimuomba hadithi, anageukia ukuta. Emisyo ya leo ikitoka vile tena, hatasimulia mpaka wamzike. Na mimi nitamujibu nani? Nguruwe wa jirani?"

Cécilia akajifuta paji la uso. "Mimi nilidhani ndiyo mtindo wa wazee wa kwenu. Ule ukimya… Nimeandikia wanafunzi kurasa tatu juu ya ule ukimya."

"Kurasa tatu juu ya mahali nilipofutwa!"

"Rudisha sauti yake, Ruphin."

"Haipo, Mwalimu. Mashine ilijaa, nikafuta ile sauti. Imebaki ya mzee tu, na nafasi tupu."

"Nafasi ziko?" Koko akauliza haraka. "Fungua."

Ruphin akafungua. Sauti ya Kasimu ikasema chui alipewa mbuzi saba. "Aliwahesabu mwenyewe?" akaruka Koko. "Mwenyewe, kwa ulimi!" akajibu Kasimu kutoka ndani ya mashine. "Na mkia hakuhesabu?" "Mkia aliuweka wa kula baadaye!" Hakuna swali lililopita mwisho wa nafasi yake, hakuna lililochelewa. Ruphin akasahau kusimamisha mashine. Cécilia akacheka mpaka akashika mlango.

"Basi, utajibu," akasema alipopata pumzi. "Mimi nitatangulia kusema wiki iliyopita kulikuwa na kosa la kiufundi."

"Huyo Kosa la Kiufundi Wamaza hatumjui. Sema: Kasimu hana wazimu, tulimutoa muke wake."

"Mama, hii ni redio ya chuo. Wanafunzi wangu wanasikiliza, wakubwa wangu wanasikiliza."

"Na Wamaza wanasikiliza."

"Siwezi kujishusha mbele ya—"

"Kasimu mulimushusha mbele ya duka."

"Nipe muda hata wa wiki moja. Nitaandika barua, nitaeleza polepole kwamba zile kurasa—"

Saa kumi ikafika, mlango ukafunguka. Aristote, mtangazaji, akaingia na karatasi yake ya kufungulia emisyo, na taa nyekundu ya kwenda hewani ikawaka juu ya kioo. Aristote akatafuta kiti chake, akamwona Koko ndani yake, akabaki wima. Ruphin akasukuma mikro ya pili mpaka chini ya kidevu cha Koko. Cécilia akanyoosha mkono, akachukua karatasi kwa Aristote, akakata mstari wa kwanza wote, akaanza kuandika mwingine juu yake: Kasimu hana wazimu… Koko Djamila hakujua kusoma. Aliifuata kalamu kwa macho mpaka mwisho wa mstari, kisha akasafisha koo.